Cheche Chini ya Blanketi

8 Juni 1986

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, Kidole, kama bado unanikumbuka. Na kama umenisahau, mimi ni yule mpwa wako aliyekuwa akigusa kila kitu kwenye kiwanda cha Baba cha uchapaji, mpaka siku moja ukasema kidole changu kitakuja kubaki kwenye mashine ya kuchapa. Vidole bado ninavyo vyote kumi. Sisi hapa ni wazima. Mama kifua kimepona na amerudi kwenye cherehani yake. Mdogo wangu Kasuku ameng'oka meno mawili ya mbele, lakini usidhani amepunguza maneno, ila sasa anaongea na kutema mate kwa pamoja. Baba ni mzima pia. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi, anajalidi madaftari ya watu. Jioni hurudi na gundi kwenye vidole, hukaa mezani akiibandua taratibu.

Ninaandika kwa jambo la shule. Mwalimu wetu wa sayansi ametaka kila mmoja achague jambo moja, alifanyie majaribio kwa vitu vya nyumbani, na aandike kwenye daftari mpaka mwisho wa mwaka. Wenzangu wamechagua maharage yanayoota kwenye pamba. Maharage darasa zima! Mimi nimechagua umeme tuli, ule wa kusugua, kwa sababu nilikumbuka uchawi wako wa kitana. Ulikuwa unachana nywele, halafu unakisogeza kitana juu ya vipande vya karatasi vilivyoanguka chini ya mashine, navyo vinaruka kukilaki. Nilikuwa na miaka sita. Niliamini kabisa kwamba unaongea navyo.

Naomba unieleze ulivyokuwa ukifanya. Barua hii anaiposti Mama. Baba hajui. Hajakutaja tangu moto ule, miaka mitatu sasa, na mtu akikutaja mbele yake hunyanyuka akaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Watu hapa bado wanasema kiwanda chake kiliunguzwa na sigara yako. Mimi sisemi kitu. Nataka tu kujua habari za kitana.

Mpwa wako,
Kidole


2 Julai 1986

Kidole, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imelala juu ya mto wangu siku nne kabla sijaifungua. Mwandiko wa mama yako niliujua kwenye bahasha, na mtu aliye mbali akipata barua ya nyumbani baada ya miaka mitatu haulizi nani ameandika, anauliza nani amekufa. Siku ya tano nikapiga moyo konde. Kumbe ni kitana! Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto umepona kiasi cha kushika kikombe. Kazi ninayo, kwenye kiwanda cha soda, upande wa kuosha chupa. Chupa zinakuja kwa mstari, maelfu, zikigongana polepole kama watu wenye usingizi. Zinaingia kwenye mvuke zikiwa chafu, zinatoka zinang'aa. Mimi hukaa mbele ya taa nikizitazama zikipita, nikiona yenye ufa naitoa. Baada ya saa mbili hujui tena kama zinazotembea ni chupa au ni wewe. Kuna wakati naelea nazo kabisa, mwanga wa kijani unapita usoni, na msimamizi akinishtua namwambia nilikuwa makini mno. Wenzangu wananiita Profesa kwa sababu ya miwani tu, elimu hawajaiona.

Sasa kitana. Kiwe cha plastiki. Nywele ziwe safi, kavu, na bila mafuta hata tone. Chana mara ishirini, kisha kisogeze juu ya vikaratasi vidogo kama kucha za Kasuku, bila kuvigusa. Ukimaliza hapo fungua bomba kidogo, maji yashuke kama uzi, ukisogeze kitana karibu nayo. Sikuambii utaona nini.

Nami nilijaribu hapa chumbani. Vikaratasi vikanitazama tu. Nguo zangu, nywele zangu, hata godoro, kila kitu kina unyevu wa kiwanda, na umeme huu haupatani na unyevu, huvuja kimyakimya kabla hujauona. Sikusikitika. Nimekwishazoea kukaa mahali penye maji.

Yale mengine uliyoyagusa, tuyaache yalale. Baba yako usimsalimie. Mama yako msalimie mara mbili.

Mjomba wako


27 Julai 1986

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama anasema salamu zako mbili amezipokea, moja ameitumia na nyingine ameiweka akiba. Jino moja la Kasuku limeanza kuchungulia. Baba alikuwa na mafua lakini amepona.

Kitana kinafanya kazi! Nilikaa wiki nzima bila kupaka nywele mafuta, Baba akaniangalia akasema, "Huyu anatafuta upara mapema." Nikafungua bomba la uani, maji yakawa uzi, nikasogeza kitana. Mjomba, yalipinda kiuno! Yaliinama kuelekea kitana kana kwamba yameitwa kwa jina, na nilipokiondoa yakasimama wima tena. Nilikaa pale sijui muda gani, nayapinda na kuyaachia, nayapinda na kuyaachia, mpaka nikasahau kama nina miguu. Mama ndiye aliyenizindua kwa kelele, ndoo ilikuwa imefurika zamani.

Kisha nikasugua maputo mawili kwa sweta moja, nikayaning'iniza pamoja kwa uzi. Yanakataa kukutana. Unayasukuma, yanaachana. Mwalimu anasema vitu vikipata chaji ya namna moja husukumana. Kasuku ameyapa majina, moja Baba, jingine Mjomba. Nilimwambia anyamaze.

Baba aliiona bahasha yako mezani. Akauliza ya nani. Mama akasema ni rafiki yangu wa kalamu. Baba akaigeuza, akaitazama anwani muda mrefu, akasema, "Huyu rafiki wa kalamu anaandika kama mchapaji." Akairudisha palepale ilipokuwa, akaenda kuangalia mlango.

Sasa natengeneza kifaa cha kuonyesha kama kitu kina chaji. Ni chupa ya jemu, waya umepita katikati ya kifuniko cha boksi, na chini ya waya zinaning'inia karatasi mbili za kung'aa, nyepesi kabisa. Mwalimu anasema ile ya ndani ya pakiti ya sigara inafaa. Hapa nyumbani havuti mtu. Naomba unitumie, wewe huwezi kukosa.

Kidole


20 Agosti 1986

Kidole,

Marahaba. Nimefurahi kwamba baba yako mafua yamemtoka. Huku tumeletewa mashine mpya ya kubandika lebo, nayo inabandika upande upande, soda zote zinaonekana zimetoka kwenye ulevi. Meneja amesema ni mtindo.

Karatasi ya pakiti ya sigara sina. Sivuti. Nimekuwekea ya chokoleti, ambayo ni nyepesi zaidi. Ili kuipata ilinibidi niile chokoleti yote peke yangu, ndiyo mateso ninayoyapata kwa ajili ya sayansi yako. Inyooshe kwa mgongo wa kijiko, taratibu isipasuke, kisha ukate vipande viwili vyembamba vya urefu wa pingili moja ya kidole.

Ile habari yako ya maji kupinda nimeisoma mara nyingi. Juzi niliota chupa zote za kiwandani zinainama zikipita mbele yangu, moja baada ya nyingine, kwa adabu kubwa, nami naziitikia. Niliamka nimefurahi. Si kawaida yangu. Kwa kawaida naota kitu kidogo cha buluu, na huwa sipendi kukiota.

Maputo mwambie Kasuku ayape majina mengine.

Mjomba wako


21 Septemba 1986

Mjomba,

Shikamoo. Kiangazi kimeshika. Upepo ni mkavu, midomo imetupasuka wote, na sweta likivuliwa linalia kama mafuta kwenye kikaango. Mama anakusalimu. Anasema uliacha sigara mara tatu na mara tatu ukairudia, kwa hiyo anauliza, hii ya nne ulianza lini?

Kifaa cha chupa kinafanya kazi. Ukisogeza kitana kwenye waya, karatasi zako za chokoleti zinaachana zenyewe, polepole, bila upepo. Lakini leo nina jambo kubwa kuliko hilo.

Mwalimu alinichorea. Nikachukua sahani ya santuri ya zamani, nikaisugua kwa sweta mpaka mkono ukachoka. Nikachukua kifuniko cha bati, nikakigandishia mshumaa katikati uwe mpini, maana mshumaa haupitishi umeme. Unakiweka kifuniko juu ya santuri, unakigusa kwa kidole, unaondoa kidole, kisha unakinyanyua kwa mshumaa. Sasa ukikisogezea kidole tena, subiri uone.

Nilifanya saa saba mchana chini ya blanketi zito la Mama, Kasuku amekalia pindo ili mwanga usiingie. Kulikuwa na joto na harufu ya sufu, na giza zuri, kama tuko ndani ya tumbo la kitu kinachopumua. Nikasogeza kidole. Kabla sijagusa bati, kitu cha buluu kikaruka. Kidogo kuliko punje ya mchele. Kikasema ta! Nikasikia mchomo wa sindano. Tukarudia mara thelathini na kila mara ni buluu ileile. Kasuku alinyamaza kabisa, jambo ambalo lenyewe lilistahili kuandikwa kwenye daftari.

Mwalimu aliposoma akanieleza zaidi. Cheche ile haimdhuru mtu, lakini ni moto. Alisema petroli ikipita mbio ndani ya mpira husuguana nao, kama kitana na nywele. Ikiingia kwenye chombo cha bati kilichokaa chini, chaji hupotelea ardhini. Ikiingia kwenye plastiki, chaji hubaki. Na kama juu ya plastiki hiyo kuna kitu cha bati, basi ni kifuniko changu juu ya santuri yangu, kinasubiri kidole. Ndiyo maana malori ya mafuta hufungwa waya wa kwenda ardhini kabla ya kupakua. Akanikataza nisiisogelee petroli kamwe, na sijaisogelea.

Mjomba, siku ile ulikuwa unamimina petroli ya kuoshea mashine. Uliimimina kwenye nini?

Kidole


16 Novemba 1986

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki nane sasa. Mama anapita posta kila siku akitoka sokoni, na akirudi hanitazami, ndivyo ninavyojua hakuna kitu. Sisi ni wazima. Mvua zimeanza na santuri haitoi cheche tena.

Labda nimekukasirisha. Basi niseme nililopaswa kusema kwenye barua ya kwanza. Nililiandika, nikalikata, nikaandika habari za kitana.

Siku ya moto nilileta chakula cha Baba. Nilichungulia kwenye dirisha la stoo nikakuona umeinama, una sigara mdomoni. Nikapita, nikaenda kwa Baba upande wa pili. Kisha ndipo moto ukawaka. Jioni Baba akauliza watu wote kama kuna aliyeona kitu. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa na miaka kumi, na wakubwa wote walinigeukia, nikajiona mtu mkubwa. Baba hakuuliza mtu mwingine tena.

Ulipotoka hospitali ukaondoka bila kuniaga. Tangu hapo nafikiri unajua. Mjomba, sina raha. Niambie kama nilikosea, au niambie kama sikukosea, lakini niambie.

Kidole


10 Desemba 1986

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na sina hasira na wewe. Barua yako ya cheche niliisoma nimesimama mlangoni, nikakaa chini papo hapo kwenye kizingiti. Tangu siku hiyo nimeandika barua sita, zote zimeishia kwenye pipa la chupa mbovu. Leo basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwanza lako. Nilijua ni wewe. Uliona sigara mdomoni, ukasema umeona sigara mdomoni. Hukukosea. Mtoto anayesema alichokiona hana kosa kwa mtu yeyote. Niliondoka bila kukuaga kwa sababu niliogopa utaniuliza, nami sikuwa na la kukujibu.

Sigara ile haikuwa imewashwa. Nilikuwa na siku kumi na saba bila kuvuta. Zile mara tatu za kwanza nilitangaza, nikashindwa, mkanicheka mpaka nikawa hadithi ya ukoo. Mara ya nne nikasema simwambii mtu. Lakini mdomo wangu ulikataa kufanya kazi ukiwa mtupu, kwa hiyo nikawa naweka sigara moja, ileile, asubuhi hadi jioni, bila kuiwasha. Jioni naifunga kwenye karatasi, kesho naitoa. Ilikuwa imelainika, imepinda, inatia huruma. Mtu mzima ananyonya sigara kama mtoto anavyonyonya kidole! Utamwelezaje hilo mtu aliyesimama mbele ya mashine yake iliyoungua, herufi zake zote za madini ya risasi zimeyeyuka zimekuwa dimbwi sakafuni? Nilijaribu. Nilisema, "Shemeji, haikuwa imewashwa." Akaniuliza, "Moto ulitoka wapi basi?" Watu wakasema lisemwalo lipo.

Umeuliza nilimimina kwenye nini. Debe letu la bati lilikuwa limetoboka. Wiki ile tulikuwa na dumu jipya la plastiki. Niliweka faneli ya bati, ile ya kumiminia, juu yake, nikafungulia mpira kutoka kwenye pipa. Siku ilikuwa kavu, ya upepo huohuo wa kupasua midomo. Dumu lilipojaa nikafunga mpira, nikanyoosha mkono wa kushoto kuitoa faneli. Kidole, kabla sijaigusa niliona nyota. Ndogo, ya buluu, imesimama kati ya kidole na bati. Nilipata hata muda wa kuiona ni nzuri. Kisha kila kitu kikawa cha manjano, na ninachokumbuka baada ya hapo ni baba yako ananivuta kwa ukosi wa shati, analia na kunitukana kwa pamoja.

Hospitali niliwaeleza habari za nyota. Muuguzi akasema ni homa, nami nikaamini. Nimeiota kila juma kwa miaka mitatu, na kila nikiamka najiambia hakuna nyota, wewe uliwasha sigara bila kujijua, mkono una mazoea yake. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika mara sita. Kwamba wao hawakuniamini, hilo ningeweza kulibeba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kujiamini. Nilikuja kuosha chupa kwa sababu hapa hakuna kinachoweza kuungua.

Sasa mtoto wa miaka kumi na tatu ananiandikia kwamba ameiona mara thelathini, chini ya blanketi, saa saba mchana.

Barua hii mwonyeshe mama yako, yeye ataamua. Na habari za dumu lile, nani alilinunua, usimuulize mtu.

Mjomba wako


11 Januari 1987

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Meno ya Kasuku yametoka yote mawili, makubwa kama ya mtu mwingine. Daftari langu limekuwa la pili darasani. La kwanza ni la maharage, sitaki kulizungumzia.

Mama alisoma barua yako mara mbili, amekaa ukingoni mwa kitanda na sindano ameichomeka kifuani kwenye gauni. Akasema, "Kaka yangu mjinga. Mjinga kabisa kaka yangu," huku analia. Tukasubiri siku nne, mpaka mvua zikatulia na jua kali likarudi. Jumapili akaniambia, "Kamwite baba yako. Na hilo dude lako ulilete."

Sikumpa Baba barua. Nilimwambia nina jaribio na nahitaji mtu mzima. Akaingia chini ya blanketi na viatu vyake, miguu ikabaki nje mpaka magotini, Kasuku akaikalia. Nilikuwa nimeianika santuri juani asubuhi nzima. Nikaisugua, nikaweka kifuniko, nikakinyanyua. "Sogeza kidole, Baba." Ta! Akaruka, kichwa chake kikagonga changu. Akasema, "Nini hiki?" Halafu akasema, "Tena." Tukafanya tena, na tena. Mara ya tano akapapasa kifuniko kwa kidole, kisha santuri. Akauliza mlemle gizani, sauti ya chini, "Hiki cha juu ni bati?" Nikasema ndiyo. "Na cha chini?" Nikasema, "Ni plastiki, Baba." Joto likanishinda nikatoka. Yeye alibaki ndani. Mtu mzima, chini ya blanketi, mchana kweupe, hatikisiki. Kasuku alimshuka miguuni mwenyewe bila kuambiwa.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mama akampa barua yako, akaisoma dirishani. Kisha akasema, "Dumu nililinunua mimi. Nililibeba begani mpaka kiwandani nikijisifu, hili halitoboki, hili halishiki kutu." Akaikunja barua. Akasema, "Nilimtoa mle ndani kwa mikono yangu, nikamfukuza kwa mdomo wangu." Mama akamwambia, "Mdomo huohuo si unao bado?"

Jana ameniomba bahasha yako yenye anwani. Nimeona karatasi tano kwenye kapu la taka. Zote zina neno moja tu, Shemeji, na koma.

Samahani kwa habari za dumu. Sikumuuliza, alisema mwenyewe.

Kidole


22 Februari 1987

Kidole,

Marahaba. Pole kwa kushindwa na maharage. Mimi ni mzima, na nadhani kufikia sasa baba yako amefika nyumbani na hajawasimulia kitu, kwa hiyo nasimulia mimi.

Zamu ya mchana ilikuwa inatoka. Mtu akitoka kwenye chupa macho huendelea kuona chupa, watu wote langoni wanakuwa wa kijani na wanaelea. Katikati yao nikaona mmoja amesimama haelei. Ana mfuko wa nguo mkononi, shati limekunjamana kwa safari ya siku mbili. Nikadhani ni usingizi. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Maneno niliyomwandalia kwa miaka mitatu, mengine makali, mengine ya kuomba, hata moja halikuja. Akasema, "Shemeji, umekonda." Nikasema, "Wewe umenenepa." Ndizo salamu tulizopeana. Tukatembea mpaka kwangu, yeye amebeba mfuko wake na wa kwangu pia.

Chumbani akauchukua mkono wangu wa kushoto, akauweka juu ya goti lake. Akawa anaupitia kama tulivyokuwa tukiipitia karatasi ya kwanza kutoka mashineni, mstari kwa mstari, kutafuta makosa. Akasema, "Nilikosa, shemeji. Nikajua moyoni huenda nimekosa, nikakaa kimya kwa sababu ya kiburi." Nikamwambia hata mimi nilikimbia, ningekaa nikamsumbua mpaka anisikilize. Tukalia, Kidole. Kasuku usimwambie, itafika mpaka sokoni.

Baadaye akasema ana kiu ya chai. Hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Tangu moto ule sijashika kiberiti. Kila asubuhi mama wa chumba cha pili huniwashia jiko, yeye anadhani ni kwa sababu ya mkono. Siku hiyo hakuwapo. Nikamwambia baba yako tumsubiri. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa nini.

Alitoka, nikamsikia anagonga milango ya watu asiowajua. Akarudi na kiberiti. Akachuchumaa kando yangu mbele ya jiko, bega lake kwenye bega langu, akakiweka kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Akasema, "Washa wewe. Mimi nipo."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilizimika. Ya tatu ikashika. Nikaisogeza kwenye utambi, moto ukazunguka, na baba yako hakurudi nyuma hata kidogo.

Chai ilikuwa nyepesi na haikuwa na sukari. Alikunywa vikombe vitatu.

Mjomba wako